Ndugu Yako Hajarudi Nyumbani: Jinsi ya Kuripoti kwa Polisi Kenya na Kuhakikisha Faili Inasonga

Kuna imani iliyokita mizizi mitaani kwamba polisi hawapokei ripoti ya mtu aliyepotea mpaka saa 24 zipite. Kisheria, haina msingi. Saa 24 zinazotajwa na Katiba ya Kenya, Kifungu cha 49, ni za jambo lingine kabisa: ni muda ambao mtu aliyekamatwa anapaswa kuwa amefikishwa mahakamani, na zikiisha mahakama ikiwa imefungwa, basi afikishwe siku ya kwanza inayofunguliwa. Hakuna sheria inayokutaka ukae nyumbani ukitazama saa wakati mtoto wa dada yako hajulikani aliko. Ukiwa na sababu ya kuhofia, nenda kituoni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Jambo la pili ambalo familia nyingi hulijua wakati tayari wamechelewa: kuandikisha ripoti hakumaanishi uchunguzi umeanza. Ripoti inaweza kukaa kwenye daftari miezi sita bila mtu kuigusa. Kinachoifanya isonge ni kupewa mpelelezi mwenye jina na namba ya simu, na familia inayomletea mpelelezi huyo vitu anavyoweza kufanyia kazi. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kuhusu hilo.

Kabla ya kutoka nyumbani

Tumia nusu saa, isizidi, kukusanya mambo haya. Kama aliyepotea ni mtoto mdogo, mgonjwa, au mtu aliyetoka akisema atajiua, usikusanye chochote. Nenda kwanza, mengine yafuate. Namba za dharura za polisi ni 999, 112 na 911.

Tafuta picha ya karibuni inayoonyesha uso vizuri. Picha ya harusi ya miaka minane iliyopita haitamsaidia mtu. Chukua nakala au namba ya kitambulisho chake, namba zake zote za simu, na kama kasha la simu bado lipo ndani, nakili zile tarakimu 15 za IMEI zilizochapishwa juu yake. Andika mavazi aliyotoka nayo, makovu, meno yaliyong'oka, chanjo iliyoacha alama, miwani, dawa anazomeza. Andika pia nani alimwona wa mwisho, wapi na saa ngapi, na namba ya huyo shahidi.

Simu yake ikiwa inaita, usimpigie kila dakika mbili, na waambie na wale binamu walioko kwenye grupu la familia waache. Mnaimaliza betri, na simu iliyo hewani ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote mlivyo navyo. Wala msiende kubadilisha laini yake ili "muone nani alimpigia". Laini mpya ikiwashwa, ile ya zamani inakufa, na kama bado ilikuwa inafanya kazi mahali fulani, mmejikatia uzi wenyewe.

Kaunta ya ripoti

Ripoti hupokelewa katika kituo chochote, lakini kinachofaa zaidi ni kile cha eneo alikoonekana mara ya mwisho, kwa sababu huko ndiko mashahidi waliko na huko ndiko mpelelezi atakakoanzia. Mtu akaaye Embakasi aliyeonekana mara ya mwisho Gikomba, faili yake hatimaye itahitajika kituo cha Kamukunji. Kama uko mbali, kwa mfano uko Kisumu na kijana wako alipotelea Mombasa, ripoti hapo ulipo upate namba, kisha ndugu aliye Mombasa aende kituo cha huko na namba hiyo mkononi.

Ripoti huandikwa kwenye daftari la matukio ambalo kila mtu, polisi na raia, huliita OB. Vituo vingine sasa huandika kwenye kompyuta, lakini mantiki ni ile ile. Utapewa namba yenye sura kama hii: OB 34/12/06/2025, yaani tukio la 34 la siku hiyo. Kuripoti ni bure, na namba ni bure. Ukiombwa "ya kalamu" au "ya mafuta ya gari", huna deni hilo.

Hapa kwenye kaunta ndipo ripoti nyingi huharibikia. OB huandikwa kwa Kiingereza, na afisa aliyechoka, mwenye watu saba wanaosubiri nyuma yako, atafupisha. Mama anaeleza kwa dakika kumi namna mwanawe alivyotoka; kinachoandikwa ni kwamba mwanamume mtu mzima, mrefu, mweusi, ameripotiwa kupotea na mamake. Maelezo hayo yanafaa nusu ya wanaume wa Nairobi. Kwa hiyo usiondoke kabla ya kusomewa. Sema kwa upole, "Afande, naomba unisomee ulivyoandika, na unitafsirie." Kisha hakikisha yafuatayo yamo: jina kamili na namba ya kitambulisho, umri, mavazi kwa rangi, alama isiyofutika mwilini, namba za simu, mahali na saa ya mwisho kuonekana, na kwa nini una wasiwasi. Hilo la mwisho ndilo huachwa mara nyingi, nalo ndilo huamua uzito wa faili. "Hajawahi kulala nje, alikuwa amebeba mshahara wa vibarua, simu ilizimwa saa mbili usiku akiwa njiani" ni ripoti tofauti kabisa na "hajarudi tangu jana".

Sema ukweli wote, hata ule wa aibu. Kama mligombana, sema. Kama anatumia dawa za kulevya, ana madeni ya kamari, ana mke mwingine Thika, sema. Familia huficha mambo haya ili kulinda jina, na mpelelezi hupoteza wiki nzima akitafuta upande usio. Upande mwingine, usikoleze chumvi ili polisi waharakishe: kutoa habari za uongo kwa afisa wa serikali ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 129.

Ukiambiwa "ngoja kesho", uliza ni nani ameagiza hivyo, na uombe kumwona OCS, mkuu wa kituo, au naibu wake. Mara nyingi ombi hilo peke yake hutosha daftari kufunguliwa.

Polisi wanatakiwa kufanya nini baada ya hapo

Kituo hutuma ujumbe kwa vituo vingine, ule ambao wenyewe huuita signali, wenye maelezo ya aliyepotea. Ndiyo maana maelezo mabovu ni hasara: yanasambazwa yakiwa mabovu vile vile. Hukagua seli zao na kuuliza za vituo jirani. Huuliza hospitali na mochari. Kisha, kama kuna dalili ya uhalifu au muda unasonga, jambo hupelekwa kwa wapelelezi wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, wa eneo hilo, na mpelelezi mmoja hukabidhiwa.

Siku inayofuata rudi kituoni na swali moja: "Faili hii iko kwa nani?" Usitosheke na "inashughulikiwa". Pata jina, cheo na namba. Muulize ni siku gani anapenda umpigie. Wapelelezi wengi hushika faili nyingi kwa wakati mmoja, na yule anayepigiwa kwa adabu kila baada ya siku mbili na mtu mmoja wa familia hufanya kazi vizuri kuliko yule anayepigiwa na shangazi wanne kila mmoja na hadithi yake. Teueni msemaji mmoja.

Kuhusu simu. Kampuni ya simu huhifadhi rekodi ya nani alipiga, saa ngapi, na mnara gani ulishika simu kwa mara ya mwisho, hata kama simu yenyewe imezimwa. Familia haipewi rekodi hizo. Mpelelezi ndiye huziomba, kwa kawaida kwa amri ya mahakama. Wewe unachoweza ni kumwandikia namba za watu aliokuwa akiwasiliana nao, kumpa IMEI, na kumwonyesha ujumbe wa M-Pesa ulioingia kwenye simu yako kutoka kwake, maana una saa na jina. Mitaani na Facebook wapo wanaodai wanaweza "kuvuta lokesheni" kwa 3,000. Ni wezi, na hata angekuwepo mmoja anayeweza kweli, angekuwa anavunja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na ushahidi wake ungezua matatizo kortini.

Kamera za usalama ni kazi ya familia kuliko mnavyodhani. Duka la dawa, kituo cha mafuta, geti la ploti, ofisi ya sako ya matatu: mitambo hiyo mingi hujifuta yenyewe baada ya siku chache na kurekodi juu ya picha za zamani. Mpelelezi akifika siku ya kumi atakuta hakuna kitu. Zungukeni nyie siku ya kwanza, ombeni wenye kamera wahifadhi kipande cha saa fulani mpaka fulani, andikeni majina yao, kisha mpeni mpelelezi orodha akachukue rasmi. Vijana wa boda boda wa stendi aliyoshukia nao waulizwe mapema. Wanasahau haraka kwa sababu wanabeba wengi.

Hospitali na mochari, bila kutegemea jina

Mtu aliyegongwa na gari akiwa hana kitambulisho haingizwi hospitalini kwa jina lake. Anaandikwa kama mtu asiyejulikana, mwanamume au mwanamke, na tarehe. Ukienda Hospitali ya Kenyatta ukauliza kama kuna mgonjwa anayeitwa hivi, utaambiwa hapana, na utaondoka huku yeye yuko wodi ya juu. Uliza hivi: "Tangu Ijumaa jioni mmepokea wagonjwa wangapi wasiojulikana, na walipelekwa wodi zipi?" Omba kuwaona. Mtu aliyevimba uso hatambuliki kwa picha. Angalia miguu, mikono, kovu. Kama ana ugonjwa wa akili au ni mzee anayesahau, ongeza Hospitali ya Mathari kwenye orodha yako.

Mochari ni pagumu, lakini msikwepe. Nendeni watu wawili, angalau mmoja asiwe mzazi. Wapeni wahudumu tarehe na maelezo ya mwili kabla ya kuingia, wakupunguzie idadi ya kuangalia. Hapa kuna jambo la kiserikali ambalo husaidia: kila Mkenya aliyechukua kitambulisho alichukuliwa alama za vidole, hivyo polisi wanaweza kuchukua alama za maiti isiyojulikana na kuzipeleka kwa ofisi ya usajili wa watu ili jina litoke. Muulize mpelelezi waziwazi kama hilo limefanyika kwa miili iliyopokelewa tangu siku ndugu yako alipopotea. Njia hii haiwafikii watoto, kwa kuwa hawana kitambulisho, na haifanyi kazi mwili ukishaharibika. Hapo hubaki DNA.

Mkasa wa Shakahola, ambako wafuasi wa dhehebu moja walizikwa kwenye makaburi ya halaiki, ulionyesha DNA inavyokwenda polepole. Ufukuaji ulianza Aprili 2023 katika msitu huo wa Kilifi na miili iliyopatikana ikapita 400, lakini familia za kwanza zilikabidhiwa wapendwa wao Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Msalaba Mwekundu wa Kenya waliweka dawati Malindi kuandikisha waliokuwa wakitafuta jamaa zao. Funzo la kiutendaji: mkiombwa sampuli, jitokezeni mapema, na watoe mama, baba au watoto wa damu wa aliyepotea. Binamu hafai sana. Hifadhini pia mswaki na kitana chake kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa nailoni hukusanya unyevu.

Aliyepotea akiwa mtoto

Piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, huku mwingine akielekea kituoni. Uliza dawati la jinsia na watoto. Kisha fanya lile ambalo wazazi wengi hawalijui: nenda kwa ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yako na za jirani. Mtoto wa miaka minne aliyeokotwa sokoni hupelekwa kituoni, kituo humkabidhi afisa wa watoto, na kama hawezi kusema kwao ni wapi, korti humweka kwenye makao ya watoto. Anaweza kuwa salama, analala kitandani, kilomita tano tu kutoka kwenu, huku nyinyi mkibandika matangazo. Missing Child Kenya ni shirika linalounganisha habari za watoto waliopotea na waliopatikana. Wapelekeeni picha na namba ya OB.

Chifu, wazee wa nyumba kumi, msikiti na kanisa vyote vitangaze siku hiyo hiyo. Kipaza sauti cha msikiti baada ya alasiri kimewarudisha watoto wengi Likoni na Majengo kabla polisi hawajamaliza kuandika.

Ukishuku amekamatwa, au amechukuliwa

Anzeni na seli. Zungukeni vituo, msipige simu tu. Anayekamatwa ana haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao anauhitaji, tena chini ya Kifungu hicho cha 49. Ikiwa kila kituo kinakana na mashahidi walimwona akiingizwa kwenye gari lisilo na alama, jambo limebadilika. Andikeni namba ya gari, rangi, mavazi ya waliomchukua, maneno yaliyosemwa. Ripoti kituoni hata kama mnawashuku polisi wenyewe, kwa sababu OB hiyo ndiyo kielelezo chenu cha kwanza kortini. Siku hiyo hiyo wajulisheni IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, kwa namba ya bure 1559, na Tume ya Taifa ya Haki za Kibinadamu. Pwani, mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na Haki Africa yamezoea kesi za namna hii.

Kisha wakili apeleke Mahakama Kuu ombi la habeas corpus, yaani korti iamuru anayemshikilia mtu huyo amlete, akiwa hai au la, na aeleze kwa nini anamshikilia. Haki hii iko kwenye orodha fupi ya zile ambazo Kifungu cha 25 cha Katiba kinasema haziwezi kuwekewa mipaka kwa sababu yoyote. Nayo ina meno. Wanaume watatu walichukuliwa Kitengela Agosti 2024. Kaimu Inspekta Jenerali wa wakati huo, Gilbert Masengeli, aliitwa kortini kueleza waliko, akakosa kufika mara kadhaa, na Septemba 13 akahukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama, akipewa siku saba za kujitetea. Watatu hao walionekana Septemba 20. Adhabu yake iliondolewa baadaye, lakini watu walikuwa wamerudi. Mwishoni mwa mwaka huo Tume ya Haki ilikuwa imehesabu watu 82 waliotekwa tangu maandamano ya Juni, 29 kati yao wakiwa bado hawajapatikana, kwa hiyo nisikudanganye kwamba korti hufungua kila mlango. Ila kati ya njia zilizopo, hii ndiyo inayomlazimisha mkubwa asimame na kujibu.

Faili ikilala

Panda ngazi kwa maandishi. OCS kwanza, kisha kamanda wa polisi wa kaunti ndogo, ambaye wengi bado humwita OCPD, na mkuu wa DCI wa eneo, ambaye zamani aliitwa DCIO. Barua ya nusu ukurasa inatosha: namba ya OB, tarehe, jina la mpelelezi, kilichofanyika, kisichofanyika, unachoomba. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Kukiwa kimya, malalamiko yaende IPOA. Habari mpya ambazo hutaki zipitie kituo cha mtaani unaweza kuzitoa kwa DCI kupitia 0800 722 203, bila malipo na bila kutaja jina.

Kwa waliopotea baharini njia ni nyingine. Jahazi au mashua ya uvuvi isiporudi, iarifuni BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo wenu, na Walinzi wa Pwani mara moja, huku mkitaja upande wa upepo, mafuta aliyobeba na rangi ya chombo. Kituo cha uokoaji wa baharini kiko Mombasa. Kwa aliyekuwa akifanya kazi Ughaibuni na sasa kanyamaza, wakala aliyempeleka na Idara ya Masuala ya Wakenya Ughaibuni ndio pa kuanzia, pamoja na huduma ya kutafuta jamaa ya Msalaba Mwekundu, 1199.

Matangazo, na wale watakaopiga simu

Bango liwe na picha moja, jina, umri, mavazi, mahali na tarehe, namba ya OB na jina la kituo. Weka namba mbili za simu, moja ikiwa ya mtu asiyelia akipokea. Usiandike namba ya kitambulisho, wala usitaje kila alama ya mwili. Bakiza moja isiyojulikana na umma, mfano kovu la mgongoni.

Kovu hilo ndilo chujio lako. Ndani ya siku moja atapiga mtu akisema yuko na ndugu yako hospitalini Naivasha, na kwamba utume shilingi 4,500 za dawa kabla hajafanyiwa upasuaji. Muulize mgongoni ana nini. Omba kuongea naye. Kama ni madai ya kikombozi, usitume hata shilingi na usimkatie kwa hasira. Andika namba, saa, maneno, sauti za nyuma, na mpigie mpelelezi papo hapo.

Akipatikana, na asipopatikana

Akirudi, nendeni naye kituoni taarifa ifungwe, na yule aliyeweka bango la kwanza mtandaoni alihariri lenyewe liandike amepatikana, kwa sababu mabango husambaa miaka. Mtu mzima aliyeondoka kwa hiari hawezi kurudishwa kwa nguvu. Polisi wakimkuta salama na hataki mjue aliko, mnaweza kuambiwa tu kwamba yu hai. Inauma, lakini faili inafungwa kihalali.

Asipopatikana, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 118A, inasema mtu ambaye hajasikika kwa miaka saba na wale ambao wangetarajiwa kumsikia huchukuliwa kuwa amefariki, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ndipo masuala ya ardhi, benki na ndoa huweza kufunguliwa kortini. Hakimu atauliza mlimtafuta vipi. Namba ya OB, barua zenye muhuri, gazeti lenye tangazo na kiapo cha chifu ndivyo vitakavyojibu, basi viwekwe kwenye faili moja kwa mtu mmoja anayejulikana na wote.